Barua Nilizoandika Nimesimama

Mtaa wa Kenya, Lubumbashi, tarehe 11 Februari 2024

Mama mudogo Victorine,

Nakusalimu sana, na nyumba nzima inakusalimu ingawa haijui kwamba nakuandikia. Baba bado yuko reli, anarudi jioni na vumbi lilelile na kikohozi kilekile. Mama anauza unga palepale sokoni. Mdogo wangu Israël amekua, siku hizi anavaa viatu vya baba kwenda misa bila kuomba ruhusa. Mvua imekula barabara yetu hadi mlango wa kanisa, na watu wanapita juu ya matofali kama mbuzi.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ni moja tu, ya mama, nawe unajua akikupigia anaweka sauti ya juu ili hata majirani wasalimiwe. Jambo langu si la majirani. Mama Annie amekubali kuibeba barua hii ndani ya mzigo wake wa sabuni hadi Sakania. Nimemwambia ni maneno ya wimbo wa kwaya ulioniomba. Uniwie radhi kwa mwandiko. Herufi zimepinda kwa sababu naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo.

Jambo lenyewe ni hili. Siwezi kukaa.

Mfupa wa mwisho wa mgongo, ule mdogo tunaoukalia, unaniuma kama umebanwa na koleo. Nikikaa unauma, na nikiinuka unauma zaidi, mpaka nishike ukuta nipumue. Ulianza mwezi wa kwanza. Nilikuwa nyuma ya pikipiki ya abiria ya Mardochée, tukaingia kwenye shimo karibu na soko, basi. Kanisani sasa napiga magoti misa nzima, na padri amemwambia mama kwamba nina moyo wa sala. Nyumbani nilijificha mpaka mama aliponikuta ninakula nimepiga magoti kando ya meza.

Baba amemuuliza muuguzi wa reli. Amesema hapa mjini kuna njia mbili. Ya kwanza ni mikono: kuna mama mmoja fundi wa viungo, anaushika mfupa na kuunyoosha polepole, na anaufikia kwa kidole kutoka ndani. Usinilazimishe kuandika ndani ya wapi. Ya pili ni sindano: daktari anapenyeza dawa ya ganzi mpaka kwenye mishipa ya fahamu ya pale chini, nayo inanyamaza. Baba amesema hatuwezi yote mawili. Nichague kabla ya Pasaka, kwa sababu masomo yanaanza tena Oktoba, na kama mwaka huu pia sitakaa chuoni, zamu ya kulipiwa karo itakuwa ya Israël.

Kwenye jamaa yetu kila mtu anajua mto wako wa kukalia. Tulipokuwa wadogo tuliuchezea. Hakuna aliyetuambia kwa nini unatembea nao. Sikuulizi hilo. Nakuuliza tu, kama ungekuwa mimi, ungechagua nini?

Mtoto wako,
Lydie


Sakania, tarehe 9 Machi 2024

Lydie, mama yangu,

Barua yako ilikaa siku kumi na mbili ndani ya gunia la sabuni kwa sababu lori la Mama Annie lilikwama njiani. Inanukia vizuri kuliko barua zote nilizopata maishani. Huku tuko wazima. Malori ya Zambia yamepanga mstari hadi nyuma ya nyumba yangu, na madereva wanakuja kuniuliza maji ya kuoga kana kwamba mimi ni bomba. Nawapa. Mtu anayekaa peke yake anapenda kubishiwa hodi.

Msalimie mama yako, dada yangu yaya Claudine, lakini usimwambie nilichoandika. Msalimie na shemeji.

Nimesoma maneno yako mara tatu. Nilicheka kwa padri na moyo wako wa sala, kisha nikaacha kucheka.

Nikujibu. Mimi nilichomwa sindano mara tatu, huko Ndola, wewe ukiwa shule ya msingi. Ya kwanza ilinipa miezi sita. Nilikaa, Lydie. Nilikaa kwenye benchi ya mbao kama malkia. Ya pili ilinipa miezi mitatu. Ya tatu ilinipa siku chache nisizotaka kuzikumbuka. Sindano inafunga mdomo wa mshipa. Mfupa wenyewe haujui kama ulichomwa. Huko huko Ndola walinipa pia mikono, kabla ya sindano. Niliikataa. Usiniulize sababu, kama nami nisivyokuuliza mambo yako.

Lakini kama ningekuwa wewe, na mfupa ni wa miezi miwili tu, ningechagua mikono. Uvumilie aibu. Aibu ina mwisho.

Neno moja la kushika. Daktari wa Ndola aliniuliza kwanza kabisa: tangu lini? Alisema mfupa mpya na mfupa wa zamani haiponywi kwa njia moja. Ukiulizwa hivyo, jibu sawasawa.

Nakuandikia chini ya picha yetu. Unaijua, ile ya siku ya matokeo yako, ulipomwagiwa poda hadi kope, na mimi nacheza na kiti juu ya kichwa. Niliitengenezea fremu. Kila anayeingia anauliza: Victorine, huyu ni wewe? Nawaambia ndiyo, ni mimi, siku mtoto wetu alipopata diploma ya sekondari na siku yaya wangu aliponishika mkono tena baada ya miaka minne. Sijacheza tena tangu siku ile. Mgongo umekataa. Lakini siku ile ninayo, iko ukutani.

Mama mudogo wako,
Victorine


Kenya, Lubumbashi, tarehe 2 Aprili 2024

Mama mudogo Victorine,

Pasaka imepita vizuri. Mama alipika mchicha na kuku, baba aliimba kwa sauti ya mtu mzima kiafya, kisha akakohoa hadi jioni. Umeme ulitoka siku mbili, ukarudi wakati hatuuhitaji. Wote wanakusalimu. Mama alisema mwenyewe kwamba Desemba atakuja Sakania kukuona. Alisema hivyo mbele ya baba, kwa hiyo hawezi kukataa baadaye.

Tulikwenda kwa daktari. Anaitwa Chishimba, ni mtu mzima, anaongea chini chini kama yuko kanisani. Walinipiga picha mbili za mifupa, moja nimesimama na moja nimekaa. Kwenye ile ya kukaa mfupa umekunjika kwenda mbele kama ndoano. Alitoa kalamu akaniuliza tangu lini. Mama akajibu kabla yangu: "Tangu Januari, docteur. Ni ile pikipiki njo ilimuumiza."

Daktari hakuandika. Alinitazama mimi. "Ni wewe njo unaumia. Tangu lini?"

Nikasema: "Januari."

Akaandika Januari.

Alitueleza kwa upole. Sindano, alisema, inafanya kazi haraka: unalala kifudifudi, sindano inapita juu kidogo ya mfupa ule huku wanaiangalia kwenye mashine, na mtu anaweza kutoka pale akiwa anakaa. Lakini dawa inaisha, kwa mmoja baada ya mwaka, kwa mwingine baada ya wiki, na mfupa unabaki ulivyokuwa. Mikono ni ya polepole na haifurahishi. Kwa aliyeumia juzi juzi kwa kuanguka au kugongwa, inasaidia vizuri, maana misuli haijazoea kujikaza. Kwa aliyekaa na maumivu zaidi ya mwaka, inasaidia wachache. "Wewe ni wa miezi mitatu," alisema, "tuanze na mikono." Mama alifurahi. Haipendi sindano ya mgongo.

Fundi anaitwa Abigaïl. Sikulala usiku wa kuamkia siku ile. Alimtoa mama nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akanionyesha glavu na mikono yake, kucha zimekatwa hadi nyama. Alisema: "Ukisema acha, mi naacha. Hata ukisema mara kumi." Nilisema acha mara mbili. Mara zote mbili aliacha, akangoja, akaniuliza kuhusu shule. Nilipotoka mama aliniuliza imekuwaje, nikasema vizuri. Nilitapika nyuma ya ukuta wa jirani.

Nitakwenda tena Jumanne.

Uliniambia nijibu sawasawa. Nimesoma mstari ule mara nyingi.

Lydie


Sakania, tarehe 28 Aprili 2024

Lydie, mama,

Haraka haraka, Mama Annie yuko mlangoni anapiga honi kwa mdomo. Mimi mzima, isipokuwa usiku. Nakutumia mto. Si ule wangu wa zamani, huu ni mpya, nimeushona kwa kitenge kilichobaki cha siku ya matokeo yako. Angalia nyuma nimekata nafasi, mfupa ubaki hewani. Uukalie chuoni Oktoba. Wakikucheka waambie Lubumbashi nzima itaiga.

Mwambie Claudine Desemba namngoja, nitapaka chokaa chumba cha mbele. Nimefurahi hadi nimeshindwa kula.

Mbona hukuniambia kama maumivu yamepungua?

Victorine


Kenya, Lubumbashi, tarehe 16 Juni 2024

Mama mudogo Victorine,

Mto ulifika. Ni mzuri. Mama alikitambua mara moja kitambaa, akauweka kwenye shavu lake. Baba amepewa wiki mbili za kupumzika kwa sababu ya kifua. Israël amefaulu, wa tano darasani. Baridi imeanza na asubuhi maji kwenye ndoo yanauma vidole. Nimechelewa kukuandikia. Sikuwa na la kusema, kisha nikawa nalo na sikuweza.

Nimekwenda kwa Abigaïl mara sita. Mara ya tatu nilidhani kuna nafuu, nilikaa kwenye ngazi ya mlango muda wa rozari moja. Mara ya nne maumivu yalirudi, mara ya tano yakazidi. Mara ya sita aliacha mwenyewe kabla sijasema acha. Alivua glavu, akaosha mikono muda mrefu akiwa amenipa mgongo. Kisha alisema: "Lydie, mufupa ya miezi mitatu haiko vile. Hii misuli imejikaza zamani. Mi nafanya hii kazi miaka kumi na moja. Ulianguka lini?"

Alingoja. Nje watu walikuwa wanasukuma gari na kuimba.

"Siko namuambia mama yako," alisema. "Naulizia mufupa."

Aliandika karatasi turudi kwa daktari. Nimeiweka ndani ya kitabu cha misa, wiki ya tatu sasa. Mama anadhani matibabu yameisha na mimi ni mvivu wa kupona. Baba anahesabu miezi hadi Oktoba kwa sauti.

Kuna jambo lingine. Mama aliwaeleza wanawake wa sokoni habari ya pikipiki. Hakuwa na nia mbaya, aliwaonya tu. Sasa hawapandi tena pikipiki ya Mardochée. Yule baba ana watoto watatu na huwa anapunguza mwendo hata kwa kuku. Jumapili iliyopita baada ya misa alikuja kwetu akiwa amevaa koti, na jogoo chini ya kwapa. Alivua kofia. Nilikuwa nyuma ya pazia. Alimwambia mama: "Mama Claudine, mi sikumbuki ile shimo. Lakini kama mutoto amesema, basi nilipita mule. Munisamehe."

Mama alimsamehe. Alipokea jogoo.

Tulimla jioni ile ile. Mama alinipa paja kwa kuwa mimi ndiye niliyeumia. Nilikula nimesimama.

Siwezi kukuandikia nilichoshindwa kumwambia Abigaïl. Usinikasirikie. Kuna mambo ambayo yakisemwa yanaharibu zaidi ya mfupa mmoja.

Lydie


Sakania, tarehe 21 Julai 2024

Lydie, mtoto wangu,

Mimi mzima. Chumba cha mbele nimekipaka chokaa. Wasalimie.

Sasa niache salamu.

Barua yako imenikalisha macho usiku wa kwanza, na wa pili nikaanza kuhesabu. Mwezi wa kumi na mbili uliacha chuo baada ya wiki sita. Wote tulisema, Lydie ana haya, umati umemshinda. Mimi pia nilisema. Lakini Desemba inakuja kabla ya Januari, na pikipiki ni ya Januari. Nikarudi nyuma zaidi. Asubuhi ya baada ya matokeo yako, Agosti, nilipokuwa nafunga mzigo nirudi huku, ulikunywa chai umesimama mlangoni. Nilikuita, njoo ukae na mama mudogo wako. Ukasema umezoea. Haya haimfanyi mtu anywe chai amesimama.

Mimi ninakujua kwa sababu nilifanya vilevile. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikaa siku mbili kwenye uchungu, na mwisho mkunga akaingiza mikono. Mfupa wangu ulivunjika pale. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Claudine alikuwa kwenye mlango, anajua, na hatukuwahi kulitaja tangu siku ile. Ndiyo sababu niliikataa mikono ya Ndola. Mwanamke yule alivaa glavu tu na mimi nilikuwa nimekwisha kushuka kitandani. Ulisema hutaniuliza. Nimekwambia.

Jana niliitoa picha ukutani nipanguse chokaa iliyorukia kioo. Nikaifungua, nikaipeleka mlangoni kwenye jua. Nimeitazama karibu mwaka mzima, na siku zote nilijitazama mimi. Mimi na kiti juu, mdomo wazi. Nyuma yangu, kati ya miguu ya watu, kuna kitu cheupe chini. Nilidhani ni mfuko wa poda uliodondoka. Una mkono. Watu wote waliouzunguka wanacheka.

Kile kiti nilichokiinua kilikuwa cha nani, Lydie?

Usinijibu kwa upole. Na usiponijibu, mjibu daktari. Mpe tarehe.

Victorine


Kenya, Lubumbashi, tarehe 4 Agosti 2024

Mama mudogo,

Kilikuwa changu.

Walikuwa wamenikalisha katikati ya uwanja, kama wanavyomkalisha kila aliyepata diploma, na kila mama alikuja na kopo lake la poda akamwaga. Sikuona kitu. Padri alipofika niliinuka anibariki. Wewe ulikuja kutoka nyuma ukiimba, ukakichukua kiti ukacheze nacho. Hukuangalia, ulikuwa unamtazama mama. Mama alikuwa amekushika kiuno. Miaka minne, tangu mazishi ya kambo, baba yenu, alikuwa hataki hata jina lako litajwe mezani, na sasa amekushika kiuno na mnaimba sauti moja. Mimi nikakaa. Sakafu ilikuwa ya saruji. Nilisikia kitu kikilia ndani yangu kama kijiti kinachovunjika.

Watu walicheka kwa sababu poda ilipanda juu kama moshi. Nami nikacheka. Nilikuwa mweupe kila mahali, hakuna aliyeona uso wangu ulivyokuwa.

Nilidhani kitapona kabla ya mtu kuuliza. Kisha niliposhindwa kujificha nikatafuta mwezi ulio mbali na siku ile, na Mardochée ndiye niliyepanda pikipiki yake wiki hiyo. Sikufikiri kwamba mtu atamdai. Namjua mama. Angesema tena yale aliyoyasema kwenye mazishi, kwamba furaha yako daima inamvunjia mtu kitu. Sikutaka apate ushahidi.

Kesho nakwenda kwa daktari peke yangu. Jioni nitamwambia baba, kisha mama, kisha nitakwenda kwa Mardochée.

Pole kwa mtoto yule. Ningependa kujua kama alikuwa na jina.

Lydie


Kenya, Lubumbashi, tarehe 13 Oktoba 2024

Mama mudogo Victorine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Hii ni ya pili mfululizo kutoka kwangu, jibu lako halijafika, lakini Mama Annie anaapa kwamba ile ya Agosti alikukabidhi mkononi. Anasema uliisoma umesimama mlangoni, ukaikunja, ukamuuliza kama barabarani kuna vumbi, ukamwagizia chai. Anasema pia kwamba ukutani kwako, kwenye chokaa mpya, umebaki msumari tu.

Baba amerudi kazini, anakohoa kidogo. Israël ana sauti mpya, nzito, inamshtua mwenyewe. Maembe yamejaa sokoni na hakuna anayeyanunua.

Nilimwambia daktari. Nilidhani atanifukuza. Alikata neno Januari kwa mstari mmoja, akaandika juu yake Agosti, mwaka jana. Kisha akasema kwamba mikono peke yake kwa mfupa wa mwaka mzima ina bahati ndogo, na kwamba zile mara sita zilinichubua bure. Hakusema kwa ukali. Alisema tutanyamazisha mshipa kwanza kwa sindano, na maumivu yakiwa yamelala Abigaïl ajaribu tena taratibu. Alisema tungefanya hivyo tangu Machi, leo tungekuwa mbali. Sikwenda peke yangu kama nilivyokuandikia: nilimwambia baba usiku uleule, na siku hiyo alikuwa kando yangu. Aliangalia kofia yake. Alisema atatafuta njia ya yote mawili, na ameitafuta, sijui wapi.

Walinichoma tarehe 27 Agosti. Nililala kifudifudi, nikahesabu vigae vya sakafu. Sindano inauma, kisha kunakuwa na joto, kisha hakuna kitu. Ile hakuna kitu, mama mudogo, wewe unaijua. Nilikaa kwenye kiti cha wauguzi nikakataa kuinuka. Abigaïl alikuja kuniona akasema: "Sasa umekuwa muntu ya kukaa." Nimefanya naye mara tatu tangu hapo. Sikusema acha hata mara moja.

Kwa Mardochée nilikwenda na baba. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anapangusa taa ya pikipiki. Alisema afadhali, kwa kuwa alikuwa ameanza kuliona shimo lile usingizini. Mama alizunguka soko zima kumsafisha jina, meza kwa meza. Lakini wanawake wamekwisha kuzoea pikipiki za wengine. Jioni namwona kwenye kona, injini imezimwa.

Mama nimemweka mwisho kwa makusudi. Hakupiga kelele. Aliitoa picha yake ukutani, ile ile kama yako, akaiangalia chini kati ya miguu ya watu, mahali nilipomwonyesha. Akasema: "Alikuja kucheza, akaniharibia mutoto." Akaiweka chini ya godoro. Nilimwambia ulikuwa hukuangalia kwa sababu ulikuwa unamtazama yeye. Habari ya Desemba haitaji tena, nami simkumbushi. Ila mto wako anaufua kila Jumamosi kwa mikono yake, anauanika mwenyewe, hataki niuguse ukiwa mbichi. Sijui hiyo ni nini. Nakuandikia tu nilichoona.

Masomo yanaanza tarehe 21. Nimejiandikisha. Nitakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango.

Nilitaka ujue kwamba barua hii nimeianza nimekaa. Ni ya kwanza. Mezani, kwenye kiti, mto wako chini yangu. Angalia ukurasa wa kwanza, mistari imenyooka kama ya mwalimu. Nilikuwa nimekusudia kuimaliza hivyo, ili uione, useme basi, mtoto amepona, naweza kumwandikia.

Zimepita wiki saba tangu sindano. Jana kwenye misa ilinibidi nipige magoti kabla ya wengine. Sijamwambia mtu. Daktari alisema kwa mmoja ni mwaka, kwa mwingine ni wiki, na mimi nilijifanya sikusikia neno la pili. Abigaïl anasema mikono haijamaliza kazi yake, tusubiri. Nasubiri.

Ukifika hapa utaona herufi zimeanza kupinda. Nimehamia kwenye kabati la vyombo. Usihesabu wiki, mama mudogo, na usijihesabie kosa. Njoo Desemba, hata kama hakuna aliyekuita. Tutakunywa chai mlangoni, sisi wawili, tumesimama.

Mtoto wako,
Lydie